Miguu Miwili Chini

Nyumbani, 9 Februari

Mdogo wangu Breki,

Natumaini barua hii itakukuta umeshiba, maana ukiwa na njaa husomi, unapitisha macho tu. Sisi ni wazima. Mguu wa mama unamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anajikongoja mpaka kwenye chumba changu cha kushonea, anakaa karibu na mlango na kuwahoji wateja wangu kama hakimu. Juzi mwanamke mmoja alikuja kupunguza gauni kiunoni, akaondoka ameshaeleza ugomvi wake wote na wifi yake. Kile chumba cha uani nimekipangisha. Mpangaji ni mpima ardhi mstaafu, mrefu kama mlingoti, mtu wa kimya, anafua soksi zake kila siku. Mama anampenda kwa sababu anasikiliza habari zako bila kupiga miayo.

Habari zako ndizo zinazotembea hapa. Kila barua yako ikifika, mama ananiambia nimsomee mara mbili, kisha anauhadithia mtaa mzima. Mwanangu ni fundi wa baiskeli katika karakana kubwa. Mwanangu kila Jumapili anapanda mlima kwa baiskeli na kurudi kabla chakula hakijaiva. Mimi naendelea kushona.

Sasa jambo lenyewe. Jana nilikuwa napanga stoo, nikaikuta baiskeli yako ya milimani pale pale ulipoiegemeza, na lile shuka la maua juu yake. Tairi zimelala chini, mnyororo una kutu. Ulisema isiguswe mpaka urudi. Nakumbuka vizuri, nilikuwepo. Lakini mwaka unakwenda, mwingine unakuja, na kila nikikuuliza utarudi lini unanijibu habari za mvua. Basi nataka kuifanya baiskeli ya mjini. Ya kukaa wima, ya kwenda sokoni taratibu na kurudi, yenye kapu mbele. Naomba ruhusa, na naomba unielekeze. Fundi wa hapa, Bisibisi, unamjua mwenyewe. Mikono anayo, lakini asipoambiwa afanye nini, anafanya chochote.

Mama anauliza unarudi lini. Nimemwambia nitakuuliza. Nimeuliza.

Dada yako


Karakana, 2 Machi

Dada,

Shikamoo, na nyingine mpelekee mama, umwambie mwanawe hajambo na anakula vizuri. Huku mvua haijakatika wiki nzima. Jumapili nilipanda mlima kama kawaida, upepo ulikuwa wa kuchuna ngozi, lakini nilifika. Mwambie hivyo, atafurahi.

Nimecheka sana kusoma barua yako. Tangu lini wewe unaendesha baiskeli? Mara ya mwisho ulikaa nyuma yangu kwenye keria, umenikamata shati kwa mikono miwili, unapiga kelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakatoka kutusindikiza. Shati lilichanika, na ukalishona mwenyewe huku unanitukana.

Dada, ile baiskeli imeumbwa ilale mbele, kifua kiwe karibu na usukani, imeze mawe na makorongo. Kuitia kapu ni kumvisha bondia aproni. Lakini sitaki mseme mimi ni mchoyo. Tairi badilisha, toa zile za meno, weka za mgongo laini, lami haitaki meno. Mnyororo ufute kutu kwa mafuta ya taa, kisha upake oili. Ishia hapo. Shokomzoba za mbele usiguse. Usukani usiguse. Nitavihitaji nikija. Na Bisibisi asije akaishusha siti mpaka miguu yako yote miwili ifike chini. Nawaona watu wa namna hiyo wanapita hapa barabarani. Hiyo si baiskeli, ni kigoda chenye magurudumu.

Kuhusu kuja, msimu huu kazi zimetubana. Tutaona.

Humu nimetia picha tuliyopigwa hapa kazini, mama aone wenzangu.

Mdogo wako, Breki


Nyumbani, 28 Machi

Mdogo wangu,

Mama anasema marahaba, na anasema umekonda usoni. Picha amenipokonya mkononi kabla sijaimaliza, imebidi nimvizie alipolala mchana ndipo nikaiangalia. Sasa ipo ukutani juu ya cherehani, kila mteja anaonyeshwa, hakuna anayepimwa kiuno kabla ya kuiona. Wenzako wote wamechuchumaa mbele ya mlango na spana zao mikononi. Wewe umesimama pembeni, umeshika mgongo wa kiti. Umevaa lile shati la mistari nililokushonea ulipokuwa unaondoka. Nimeliangalia sana.

Mpangaji wetu aliugua mafua, mama akamtibu kwa maneno mpaka akapona.

Tairi tumebadilisha. Bisibisi alizisifia zile za meno kama ng'ombe wa mahari, nikamwambia azivue tu. Nimezipangusa, nimezitundika stoo. Hakuna kitu chako kitakachotupwa, nina sanduku la bati, kila kinachofunguliwa kinapakwa grisi, kinafungwa kwenye kitambaa, kinaingia humo. Hapo usiwe na wasiwasi.

Lakini usukani lazima utoke. Nimekaa nikafikiri, nimeona hivyo. Mtu akiikalia inamlazimisha kuinama, na mtu wa baiskeli hii hatakiwi kuinama. Nataka usukani uliopinda, unaokuja nyuma kumfuata mtu alipo. Na siti ile nyembamba kama ulimi nayo itoke, niweke pana yenye springi chini. Usinibishie. Niambie tu vipimo vinachukuliwaje. Vya nguo navijua, vya baiskeli ni vyako.

Hukujibu unarudi lini. Umeandika "tutaona". Mama aliniuliza tutaona nini.

Dada yako


Karakana, 30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pole kwa kuchelewa, kazi. Mwambie mama sijakonda, ni mwanga wa jua tu ulionipiga upande mmoja. Mlima bado upo pale pale.

Naona umeamua, na wewe ukiamua hata trekta halikurudishi nyuma. Haya. Usukani uliopinda ni mzuri kwa mtu anayetaka kukaa wima, lakini usiuinue na kuuacha hivyo. Sikiliza hapa vizuri, na umsomee Bisibisi kwa sauti. Usukani ukipanda na kurudi nyuma, waya za breki zinapungua. Unaona zinafika, unafurahi, halafu siku unakata kona waya unavutika na breki ya mbele inajifunga yenyewe. Kwa hiyo waya mpya, ndefu, kabla ya kukaza nati yoyote. Siti pana sawa, lakini mtu akikaa wima uzito wote unakwenda kwenye makalio, basi springi ziwe nzima, zisiwe za kulia kama kitanda cha gesti.

Vipimo ni vitatu. Cha kwanza, urefu wa mguu kwa ndani, kutoka katikati mpaka chini ya kisigino. Cha pili, mkono, kutoka bega mpaka kiganja kilichofumbwa. Cha tatu, upana wa mabega. Nitumie, nitakuambia siti ikae wapi. Mtu nikishapata vipimo vyake hahitaji kunielezea kitu, mwili wake nauona kama amesimama mbele yangu. Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Shokomzoba nakuomba ziache. Zinamsaidia hata mtu wa mjini, barabara za hapo nazijua.

Breki


Nyumbani, 24 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako ya waya ilifika siku mbili baada ya Bisibisi kukaza nati zote.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Usukani mpya ulikuwa unang'aa. Bisibisi akasema lazima aijaribu yeye kwanza, kwa usalama wangu. Akaizungusha uani mara ya kwanza amekaa wima kama bwana harusi, anapiga kengele, mama anamshangilia. Mara ya pili akakata kona ya kushoto penye kamba ya nguo. Breki ikajifunga kama ulivyosema. Baiskeli ilisimama, Bisibisi hakusimama. Aliingia kwenye beseni la mpangaji, miguu juu, na soksi zote zikamfuata. Hakuumia. Mama alicheka mpaka akaomba maji. Mpangaji alitoka, akamtazama, akasema, "Fundi, hizo nilikuwa sijazisuuza," akarudi ndani. Tangu nimjue hajawahi kusema maneno mengi hivyo.

Waya ndefu zimewekwa. Vikinga matope vimewekwa mbele na nyuma, na kifuniko cha mnyororo ili suruali isiliwe. Shokomzoba nimeziacha, kwa heshima yako.

Vipimo hivi hapa. Mguu kwa ndani ni sentimita themanini na tano. Mkono ni sabini na moja. Mabega ni arobaini na nane. Nimevipima mara mbili kwa kanda yangu ya kazini, hakuna makosa. Kisha kuna mambo mawili ambayo kanda haiwezi kuyapima. Mgongo wa mtu huyu haupindi vizuri. Na mguu wa kulia hawezi kuunyanyua juu. Sasa lile bomba la juu la fremu linanitisha. Anapandaje mtu wa namna hiyo? Fikiria, unijibu.

Mama anauliza lile swali lake. Siku hizi haulizi kwa maneno, anaitazama picha halafu ananitazama mimi.

Dada yako


Karakana, 11 Juni

Dada,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Wewe wa kufikia rafu ya sufuria mpaka upande kwenye kigoda, leo una mguu wa sentimita themanini na tano? Nilikuambia mtu namjua kwa vipimo. Huyo si wewe. Huyo ni mwanaume. Miguu mirefu, mabega mapana, mkono wa kufikia mbali, mtu aliyeumbwa kwa baiskeli kabisa, na bado anataka kubebwa kama yai kwenye kapu. Na sijui warefu zaidi ya mmoja katika nyumba hiyo. Mpima ardhi mstaafu, mgongo mgumu, anafua soksi.

Mimi si mtoto. Wewe ni mtu mzima na maisha ni yako, na kama amekupendeza nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini kwa nini baiskeli yangu? Mngeweza kutafuta nyingine. Ile nilipanda nayo kila kilima cha huko, nikaiacha kwako kwa sababu nilikuamini. Umenizungusha tangu Februari, usukani, siti, waya, kumbe unamtandikia mgeni.

Na mtu mwenye vipimo hivyo hapendi kutumia breki, nakuambia. Usimwamini kwenye mteremko.

Breki


Nyumbani, 2 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako imechukua muda mfupi kuliko zote. Kumbe hasira inajua kupanda basi la haraka.

Mama hajambo. Mpangaji hajambo. Nimewasomea salamu zako, sehemu ile ya soksi nikairuka.

Sitakuambia baiskeli ni ya nani. Sikatai, sikubali. Hata wewe kuna mambo hujaniambia, na sijakupigia kelele. Lakini kuna mtu asiyeweza kunyanyua mguu, na ninaogopa asije akaanguka siku ya kwanza akachukia baiskeli maisha yake yote. Mimi ni wa sindano na uzi, sijui. Bisibisi anasema mtu aruke tu. Wewe unajua. Ukitaka kuninunia ninunie, ila hilo nijibu.

Dada yako


Karakana, 29 Julai

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa maneno ya mwezi uliopita. Nimeyarudia kichwani nikaona nilivuka mpaka. Mtu mwenye mgongo mbovu si wa kuchekwa, awe mpangaji, awe nani.

Mwambie hivi. Asirushe mguu nyuma kupitia juu ya siti. Hiyo asahau, hata siku akijisikia vizuri. Asimame upande wa kushoto, abane breki zote mbili ili baiskeli isimkimbie. Kisha ailaze kuja upande wake, ailaze sana, mpaka bomba la juu lishuke karibu na goti. Hapo apitishe mguu wa kulia mbele ya siti, goti kwanza, pole pole, huku ameshikilia usukani. Akishavuka, asijivute kwa mgongo. Ainuke pamoja na baiskeli, miguu ifanye kazi yote. Akisimama ikiwa katikati ya miguu yake apumue kwanza. Watu wanasahau kupumua.

Kama kuna ngazi au ukingo wa barabara, asimame juu yake, itamsaidia.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, na hilo hakuna anayekuambia. Ukishuka umechoka, na watu wanakutazama. Asimame kabisa kwanza. Asikubali kushikwa mkono na mtu mwenye haraka, huyo anakuvuta upande ambao mgongo hautaki. Na asubuhi za baridi asijaribu mpaka mwili upate moto. Kuna siku utakataa. Siku hiyo aikokote tu, hakuna aibu kukokota baiskeli.

Siti kwa vipimo vile, kutoka katikati ya pedali ikiwa chini mpaka juu ya siti, iwe kidogo tu pungufu ya urefu wa mguu wake. Msalimie.

Breki


Nyumbani, 20 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko mama anavyotaka asomewe. Bisibisi naye nimemsomea. Alilaza baiskeli, akapitisha goti, akainuka nayo, kisha akasema, "Huyu aliyeandika hajaambiwa, huyu amefanya."

Nami nimewaza hivyo hivyo.

Hukutaja mlima safari hii. Mama alisubiri, nilipomaliza kusoma akaniuliza kama kuna karatasi nyingine.

Umejuaje hayo ya kushuka, Breki?

Dada yako


Nyumbani, 5 Oktoba

Mdogo wangu,

Wiki zimepita, hujajibu. Nilijipa moyo kwamba barua imepotea, lakini najua haijapotea. Wewe tangu utoto ukibanwa unajificha chini ya kitanda, na miguu yako mirefu inabaki nje, kila mtu anaiona. Basi nitasema mimi.

Niliposema nataka baiskeli nilikuwa nakuchokoza. Nilidhani nikiigusa utapanda basi kuja kuitetea. Kisha ikaja picha. Lile shati nilikupima mwenyewe, nikalikata mwenyewe, mabega yako yalikuwa sawa kama rula. Kwenye picha bega moja limeshuka, mistari inakimbilia kiunoni upande wa kulia, na mkono umeng'ang'ania kiti. Shati halidanganyi, mdogo wangu, mimi ndiye niliyelishona. Wenzako wamechuchumaa, wewe umesimama kwa sababu huwezi kuchuchumaa. Nililia juu ya kitambaa cha mteja ikabidi nikifue.

Siku ile ndipo baiskeli ilipoacha kuwa uchokozi. Vipimo ulivyovitukana ni vya suruali yako ya kahawia iliyobaki kabatini, na koti lako la shule ya ufundi. Nilivilaza mezani nikavipima. Hakuna mwanaume mwingine hapa mwenye vipimo hivyo. Mpangaji ana miguu kama korongo, suruali yako inamfika katikati ya ugoko, nilimwambia aijaribu.

Mama nimemwambia mwezi uliopita. Niliogopa, kwa ule mlima wake anaoutembeza mtaani. Aliuliza, "Anakwenda msalani mwenyewe?" Nikasema nadhani. Akasema, "Basi aje." Akaendelea kuchambua mchele.

Sijui nini kilikupata, na sitaki uniambie kama hutaki. Nakupenda na nimechoka kukuandikia kama mtu aliye mbali. Baiskeli ipo tayari uani, imefunikwa lile shuka la maua. Mimi siwezi hata kuikalia, miguu inaning'inia. Ni yako. Ilikuwa yako tu.

Dada yako


Karakana, 26 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, umwambie msalani nakwenda mwenyewe.

Nimeshika kalamu na kuiacha mara nyingi. Kilichonipata si kikubwa. Tulikuwa tunashusha sanduku la fremu kwenye lori, mwenzangu akateleza, uzito wote ukanijia mimi, kitu kikaachia kiunoni. Nililala miezi. Nilipoamka walinitoa kwenye spana wakaniweka kaunta, nauza vipuri na kuwapima watu wanaokuja kununua baiskeli. Mlima upo, nauona dirishani. Sijaupanda tangu siku ile. Kila Jumapili niliyomwandikia mama nilikuwa nimekaa chumbani, na mto nyuma ya mgongo.

Niliona aibu. Niliondoka hapo kwa mbio, mtaa mzima unaniita Breki kwa sababu sikuwa nazo, nikaona siwezi kurudi ninatembea kama mtu aliyebeba ndoo. Wenzangu wakienda kula mchana nilikuwa nachukua baiskeli moja, naipeleka nyuma ya karakana, napanda na kushuka. Hivyo tu. Sikuwahi kuiendesha hata hatua moja, niliogopa kuanguka na mtu kutokea. Uliyoyasoma yote nilijifunza hapo.

Lakini kinachoniuma na kunichekesha ni hiki. Mimi ninayejisifu kwamba mtu namjua kwa vipimo vyake, niliwekewa vipimo vyangu mwenyewe mbele ya macho, nikavitazama, nikamuonea wivu mwenye miguu ile, nikadhani ni mpangaji.

Nimeomba ruhusa ya kazi, wamenipa. Nitafika kwa basi Jumamosi ya mwisho ya Novemba, asubuhi. Msije wengi. Usinishike mkono ninaposhuka. Kama unaweza kuja na baiskeli, ikokote mpaka stendi, sitaki kuingia mtaani kwa teksi kama mgonjwa.

Dada, jambo moja zaidi, na usinicheke. Kile kipimo cha siti nilichokupa ni cha yule mwenye suruali ya kahawia. Mimi wa sasa ninaogopa. Mwambie Bisibisi aishushe. Aishushe mpaka nikikaa juu yake miguu yote miwili ifike chini.

Breki


Nyumbani, 14 Novemba

Mdogo wangu,

Tunakungoja. Nitakuja peke yangu, nitaikokota, na kengele nitaipiga mimi. Mama atabaki nyumbani, mlango wazi. Mtaani ameshatangaza kwamba unakuja, na aliyemuuliza habari za mlima amemwambia mlima unaweza kungoja.

Bisibisi sijamwambia kitu. Siti niliishusha mwenyewe tangu siku ile ulipoandika habari za kushuka. Spana alinishikia mama.

Dada yako